Ndizi Nane

Naweza kukueleza kwa nini mkate hugeuka kahawia unapokutana na moto. Chuoni niliandika kurasa sita juu ya jambo hilo, nikachora na tanuri kwa rula, na mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kazi nzuri sana." Tanuri lenyewe lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao mtu aliyehamia mji mwingine. Kwa hiyo nilihitimu stashahada ya lishe nikiwa nimeoka mikate mingi mno, yote kwenye karatasi.

Nikarudi Thyolo, kusini mwa Malawi, kwa mama mdogo kusubiri kituo cha kazi. Mwezi wa kumi na nne ulikuwa unaisha na bado nilikuwa nasubiri, kwa bidii.

Mama mdogo anaitwa Esnarth Namarika. Ni mdogo wa marehemu mama yangu, mjane, hakujaliwa mtoto, na alinichukua nikiwa na miaka sita. Yumo katika umoja wa kina mama wa kanisa letu, umoja ambao kazi yake kubwa ni kuimba, na Mungu kwa hekima yake alimpa mama mdogo sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Hajawahi kuchaguliwa katibu. Hajawahi kuchaguliwa hata kushika daftari la mahudhurio. Jumapili zote hukaa nyuma ya nguzo, mahali ambapo kiongozi wa kwaya alimwomba kwa upole akae.

Lakini ana mkate. Kila mwezi wa saba kina mama wa makanisa saba hukusanyika kwetu kwa siku ya maombi, na chai ya siku hiyo hunywewa kwa mkate wa ndizi wa Mama Namarika, anaouoka kwenye sufuria nzito, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kama alivyofanya mama yake. Siku hiyo moja huketishwa mbele, ubavuni mwa mke wa mchungaji, na watu huja mmoja mmoja kumpa mkono. Siku mia tatu sitini na nne zilizobaki huzipitisha akiisubiri hiyo.

Mwaka huu, Jumatatu ya wiki yenyewe, manyunyu ya Chiperoni, ile baridi yetu ya ukungu, yalikuwa yameloweka uwanja wetu tangu alfajiri. Mama mdogo aliteleza akitoka bafuni akaangukia mkono wa kulia. Hospitali wakamrudisha na plasta kutoka vidoleni hadi kiwikoni na maelezo ya wiki sita.

Jumanne asubuhi Mama Gunde alikuja kutoa pole. Mama Gunde ana tanuri la umeme, ana mashine ya kupiga mayai, na ana moyo wa huruma ambao hauwezi kukaa nyumbani.

"Pole sana, dada yangu," alisema, macho yakiwa jikoni kwetu. "Tena mkono wa kulia! Labda Bwana anataka upumzike. Mkate wa mwaka huu niachie mimi. Na wa miaka ijayo pia, si neno, tanuri langu lipo tu halina kazi."

"Ahsante, Mama Gunde. Mkate utaokwa hapa hapa."

"Na nani, dada? Kwa mguu?"

Mama mdogo alinigeukia. Nilikuwa nimepiga magoti na sinia la vikombe, nikijitahidi kufanana na ukuta.

"Na huyu. Amesomea."

Mama Gunde alinikagua kama anayekagua blauzi ya mtumba kutafuta tundu. "Tiyamike? Huyu ambaye akikusalimia, anaisalimia sakafu?"

Nikaisalimia sakafu tena. Ilikuwa haina neno baya juu yangu.

Alipoondoka, mama mdogo aliutazama mkono wake mweupe. Kisha akasema bila mzaha wowote, na kwake hilo ni jambo la kutisha: "Akioka yeye Jumamosi hii, ataoka hadi siku nitakayozikwa. Na mazishini kwangu watu watakula mkate wake, watasema ni mtamu. Mimi nitabaki na ile nguzo."

"Nitaoka, mama mdogo."

"Utaoka. Tangu lini bata anaoka?" Lakini alisogeza kigoda chake karibu na mlango wa jiko.

*

Jumatano nilianza kazi kisomi. Nilifunga kilemba, nikatoa daftari, nikaomba vipimo.

"Ndizi nane," alisema mama mdogo kutoka kigodani. "Unga wa ngano vikombe vinne. Mayai matatu. Sukari kikombe, mafuta nusu kikombe, soda kijiko kidogo, chumvi ya kubana kwa vidole. Umeandika? Andika na kupumua, usije ukasahau."

Nilinunua ndizi nane sokoni. Ndizi zetu za zamani zilikufa kwa ule ugonjwa wa kudumaza majani, siku hizi tunakula zinazovuka mpaka kwa malori kutoka Tanzania, ndefu kama viatu vya polisi, kila moja ikijua kwamba imesafiri. Niliziponda zote nane. Nikapiga mayai kwa uma hadi mkono ukaniuma, nikachanganya, na nikapata kitu cha kumiminika kama uji wa mgonjwa.

"Mama mdogo, mbona ni majimaji?"

"Wewe ndiye msomi. Unaniuliza mimi?"

Nikamimina kwenye sufuria. Nikaweka makaa chini, nikaweka makaa juu ya kifuniko, nikayapuliza kwa moyo wangu wote kwa sababu kila mtu anajua kwamba moto ukiwa mwingi chakula huiva haraka. Baada ya dakika ishirini tulianza kusikia harufu. Mama mdogo alifumba macho kama mtu anayesikiliza taarifa ya kifo kwenye redio.

Nilipofunua, juu palikuwa peusi na chini palikuwa peusi zaidi. Nilipochoma kisu katikati, mkate ulitoa sauti, kisha ukatoa uji.

"Hongera," alisema mama mdogo. "Umeoka vitu viwili katika sufuria moja. Hata mama yangu hakuweza."

"Labda moto..."

"Labda! Mwanangu, umeweka makaa ya kuyeyusha kengele ya kanisa. Juu makaa mengi, chini machache. Mkate unaokwa kwa juu, chini unapashwa tu. Na usipulize. Unataka kuoka au unataka treni iondoke?"

Niliandika yote hayo daftarini. Mkono wangu ulikuwa na malengelenge matatu, lakini mwandiko ulikuwa mzuri.

*

Alhamisi nilipanga makaa kama alivyosema, na kwa kuwa jana rojo lilikuwa jepesi, nilitumia akili. Maji yamezidi? Ongeza unga. Nikaongeza kikombe cha tano. Bado. Cha sita. Cha saba nilikitia huku mama mdogo akitazama mvua kwa makini sana, kana kwamba mvua ile ndiyo aliyoagizwa kuiangalia.

Safari hii mkate haukuungua. Uliiva kote, ukapata rangi ya kahawia ya kurasa zangu sita, na nilipoupindua ulidondoka mezani kwa kishindo, meza ikalalamika. Nilimkatia mama mdogo kipande. Alitafuna. Aliendelea kutafuna. Nilipata muda wa kuosha vyombo.

"Vipi?" niliuliza.

Aliinua kidole cha mkono mzima kuniomba nisubiri. Alipomeza alikunywa maji vikombe viwili. "Wenye shamba la chai wanajenga daraja kule mtoni," alisema. "Wapelekee huu. Waambie ni msaada."

Mbuzi wa jirani, yule aliyekula kitenge changu mwezi uliopita, nilimwekea mkate mbele. Aliunusa, akanitazama, akarudi kwenye majani yake. Nilitegemea maoni ya kila mtu ila ya mbuzi.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, kwa adabu, bila sauti. Sikulia kwa ajili ya mkate. Nililia kwa sababu nilipokuwa natoka kwa mbuzi nilimwona mama mdogo kupitia dirishani, amefungua kabati, anatazama sketi yake nyeusi na blauzi nyeupe ya umoja, na kwa mkono wake mmoja anajaribu kuirudisha ile blauzi ndani kabisa, nyuma ya mablanketi.

*

Ijumaa asubuhi nilirudi sokoni kwa Enifa, muuza ndizi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya kilima.

"Nane tena?" aliuliza. "Tiyamike, mnafuga nyani?"

"Naoka mkate, dada Enifa."

"Mkate wa harusi ya nani?"

"Wa siku ya maombi. Mama mdogo ameumia. Kila sufuria ndizi nane."

Enifa aliacha kuzipanga ndizi. Akaweka mikono kiunoni. "Nani kakwambia nane?"

"Yeye mwenyewe."

"Mama Namarika?" Alicheka hadi kikapu kikatikisika. "Mama Namarika ananunua kwangu tangu ndizi za hapa zilipokufa. Ni mwaka wa tisa huu. Anaoka sufuria tatu, ananunua ndizi tisa. Tatu, tatu, tatu. Hajawahi kuzidisha hata moja ya kula njiani, na mimi nimewahi kumwambia kwamba ni bahili. Mama Gunde ndiye anayenunua nane nane. Kila akizibeba naona huruma, lakini mimi nauza, sihubiri."

Nilirudi nyumbani na ndizi tisa. Njia nzima nilifanya hesabu ambayo mtu mwenye stashahada angeweza kuifanya Jumatano. Ndizi za bibi, zile za nyuma ya nyumba zamani, zilikuwa kama kidole gumba. Nane zake zilijaza bakuli dogo. Nane za Tanzania zinajaza ndoo. Nilikuwa naoka bwawa.

Mama mdogo alikuwa kigodani anapepeta mchele kwa mkono mmoja, yaani anaumwaga.

Nilipiga magoti mbele yake, nikaweka kikapu chini. Mimi si mtu wa kuuliza maswali.

"Mama mdogo, ndizi nane za nani?"

Aliziangalia zile tisa. Hakuhitaji kuzihesabu.

"Za mama yangu," alisema. "Ndivyo alivyonifundisha. Nane. Sikudanganya."

"Lakini wewe unaweka tatu."

"Hukuniuliza naweka ngapi. Uliniomba vipimo, nikakupa vipimo." Alijaribu kucheka. "Miaka tisa nawapa nane, Tiya. Kina mama wananiomba vipimo mbele ya watu, kwa tabasamu, nami nawapa kwa tabasamu. Mama Gunde amejaribu mara nne! Mara ya pili alisema tanuri limeharibika, akamwita fundi. Fundi akalifungua tanuri zima. Unajua nilivyofurahi? Nilimwombea msamaha baadaye, lakini kwanza nilifurahi."

"Na mimi?"

Mchele ulimponyoka. Hatukuuokota.

"Juzi ulipomimina ule uji," alisema taratibu, "nilitaka kukwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikajiuliza, akiuweza huyu, na mkono huu usipopona sawasawa, mimi nitakuwa na nini? Daktari anasema wiki sita. Hakusema kama baada ya hapo nitaweza kuoka. Nilimuuliza mara mbili, akazungumzia kalsiamu."

"Kwa hiyo ulitaka nishindwe, na Mama Gunde aoke?"

"Nilitaka usishindwe na usiweze." Aliinua mkono wake wa plasta na kuuangusha pajani. "Sijui nilitaka nini. Wewe umesoma, niambie."

Kulikuwa na maneno mengi ya kejeli ningeweza kumrudishia. Alinifundisha mwenyewe, nina akiba ya kutosha. Nikamwangalia, mwanamke wa miaka hamsini na minane anayetaka kiti cha mbele siku moja kwa mwaka, na yote yakayeyuka.

"Niambie mengine yote uliyonificha," nilisema. "Halafu nitukane kama kawaida. Ukinyamaza ndipo naogopa."

Akavuta kamasi. "Kikombe sicho hicho cha plastiki cha kwako," alisema. "Ni kile cha bati, chenye pengo mdomoni. Na ndizi ziwe zimeiva hadi ngozi iwe nyeusi. Hizi ni za kupigia picha. Rudi kwa Enifa, mwambie akupe zile anazoona aibu kuziuza. Nenda! Unanitazama nini, mimi ni cheti?"

*

Tulioka mchana kutwa, sufuria baada ya sufuria. Zile ndizi nyeusi zilipondeka kwa kuguswa tu, na harufu yake ikajaza jiko kabla hata moto haujashika. Rojo lilidondoka kijikoni polepole, kwa mafungu. Mama mdogo alikuwa karibu nami hadi plasta yake ikaniparuza sikio.

"Koroga mara chache. Chache! Unakoroga mkate au unapiga mtu?"

"Makaa ya juu yapange pembeni mwa kifuniko, kama shanga. Katikati acha wazi."

"Usifunue. Ukifunua nakukata mkono, tulingane."

Sufuria ya kwanza iliposhushwa, mkate ulikuwa umepanda hadi kugusa kifuniko, kahawia, umepasuka katikati kama unavyotakiwa. Wa pili vilevile. Wa tatu ulishika upande mmoja, nikaukwangua, na hapo nilipata maoni ya mama mdogo juu ya ukoo wa baba yangu.

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa blauzi nyeupe. Mama Gunde alikuwa ameleta mkate wake, "kama akiba tu," umefunikwa kwa wavu wa shanga, umenyooka pande zote nne kama sanduku la kura. Chai ikamiminwa. Mkate wetu ukakatwa. Kwa muda hakuna aliyesema kitu, na ukimya wa kina mama mia moja na kitu ni jambo ambalo mchungaji wetu hajawahi kulipata.

Mke wa mchungaji alisimama, akafuta vidole. "Kina mama, mnajua Mama Namarika ameumia mkono. Mkate huu ameuoka binti yake, Tiyamike." Makofi. "Basi Bwana ametupa mrithi! Tumuache mama yetu apumzike. Kuanzia mwaka huu, mkate wa maombi uwe kazi ya Tiyamike. Mnakubali?"

Walikubali kwa makofi ya kukunja viganja, yale ya heshima. Mama mdogo alikuwa palepale mbele, ubavuni mwa mke wa mchungaji. Naye alipiga makofi. Kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa hauwezi, alikuwa anapigapiga plasta yake kwa kiganja cha kushoto, tap, tap, tap, na anatabasamu. Tayari alikuwa ameanza kukusanya khanga yake miguuni, kama mtu anayejiandaa kuhamia nyuma ya nguzo.

Sijawahi kusema neno katika ukumbi ule. Nilipobatizwa, mchungaji alilazimika kuinama ili asikie jina langu. Nikasimama. Nikaitafuta sakafu, nikaiacha.

"Siwezi," nilisema.

"Sema kwa nguvu, binti."

"Nimesema siwezi. Kabla ya huu nilioka mmoja uliotoka uji. Nikaoka mwingine, mbuzi akaukataa." Mtu wa nyuma akacheka. Nikashika meza. "Nina stashahada ya lishe na nilioka tofali. Huu mnaokula umeivishwa na matusi. Mama mdogo alikaa pembeni yangu siku nzima ananitukana, makaa hapa, makaa pale, koroga, usikoroge. Mikono ilikuwa yangu, hata ingekuwa ya mtu mwingine ingefaa. Mkinipa mimi peke yangu, mwakani mje na meno ya akiba. Mkate ni wake. Mpeni mikono ya kuazima tu, kila mwaka, mpaka achoke yeye."

Niliketi. Kicheko kilizunguka ukumbi, na katikati yake mke wa mchungaji akamgeukia mama mdogo. "Mama Namarika, unasemaje?"

Mama mdogo aliachilia khanga. Alijinyoosha kitini, polepole, hadi akaonekana mrefu.

"Nasema kipande cha kule mwisho kimeungua," alijibu. "Nilimwambia."

Mama Gunde alisubiri vicheko vitulie, akasogea na kikombe chake. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea. "Dada, nikuulize mbele ya hawa mashahidi. Nimeufanya mkate huu mara nne kwa vipimo vyako. Mara nne umetoka uji. Niliita na fundi. Nakosea wapi?"

Mama mdogo alinitazama mimi kwanza. Sijui aliona nini usoni mwangu, maana nilikuwa nimerudi sakafuni.

"Hukosei, Mama Gunde," alisema. "Ndizi nilizokutajia ni za zamani, zile ndogo za hapa. Hizi za malori ziweke tatu. Nilijua tangu mwaka wa kwanza."

Mama Gunde alikuwa anahesabu, midomo ikicheza: mayai, sukari, fundi.

"Nilijua," alirudia mama mdogo, "na nilinyamaza, na ni vibaya. Njoo nyumbani Jumatano nikuoneshe. Njooni wote mnaotaka. Kila mtu na mkaa wake, mimi si duka."

Walikuja kumi na mmoja. Nilitoa kigoda uwanjani, mama mdogo akaketi na plasta yake juu ya mto kama chifu, na sufuria zikapangwa mbele yake kwa mstari. Mama Gunde alifika wa mwisho, bado amenuna, akachutama kwenye jiko lake la mkaa akaanza kuyapuliza makaa kwa hasira zote za miaka tisa.

"Mama Gunde!" aliita mama mdogo, na sauti yake mbaya ikasikika hadi barabarani. "Hilo ni jiko au ni mume wako? Lipulize polepole!"

Wanawake wakaangua kicheko, na Mama Gunde, uso mzima umejaa majivu, akainua kichwa kujibu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yao, namenya ndizi, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuna aliyekuwa ananitukana.

"Dada," alisema Mama Gunde, "nikimaliza huu mkate nakuja kukuvunja ule mkono mwingine."

"Maliza kwanza," alisema mama mdogo. "Na usikoroge sana."